Msiba wa Lindi

Kila anayehamia mji ule wa kaskazini huchomwa sindano ya kuzoea baridi, na tangu hapo mwili wake hauwezi tena kustahimili joto. Somoe aliikubali. Kule maji hayakatiki, na binti yake, Hidaya, alipona pumu.

Mama yake Somoe alipofariki Lindi, mdogo wake alimwonyesha msiba kwenye simu.

"Usijilaumu, dada. Mama alijua huwezi kuja."

Somoe alilia sebuleni, madirisha wazi, theluji ikiingia hadi kwenye zulia. Hidaya akaja kuchungulia waombolezaji kwenye simu.

"Mama, mbona nyuso zao zinatoka maji?"

"Ni jasho, mwanangu."

"Jasho ni nini?"