Upepo Kidogo Tu

Venant alikanyaga pampu mara thelathini, akaacha, akasikiliza kama kuna mtu anakuja. Ghala lilikuwa kimya. Akahamia tairi la pili la mbele.

Pikapu ilikuwa na siku tatu tangu itoke dukani kwa mzee Hasham, muuza magari na matairi. Zamani gari la kubebea mchele lilikuwa la chama cha ushirika, na ukilitaka lazima umjue mtu. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na wauza mchele tisa wa mtaa wa Mabatini walikuwa na gari lao wenyewe, jipya, la kutoka Japani. Venant alikuwa mmoja wao, na ndiye dereva. Kila mwanachama wa kikundi chao alikuwa na ufunguo wa ghala, na kila mmoja alipita kulitazama gari kila alipopata upenyo.

Mzee Hasham alikuwa amewaonya wote tisa siku ya kulichukua.

"Tairi hii si ile ya zamani," alisema, akiipiga kwa kiganja. "Hii chini inatoka tumbo kidogo. Acha tumbo lake. Mbele upepo ishirini na sita, asubuhi, kabla gari halijatembea. Usiongeze. Mmesikia?"

Walisikia. Ila Mabatini haikusikia.

"Oya dereva!" vijana wa kijiweni walimpigia kelele. "Gari mmenunua, upepo mmeshindwa?"

Kwa mtu aliyeendesha malori ya pamba miaka kumi na miwili, matairi magumu kama jiwe, maneno hayo yalichoma. Ndiyo maana alikuwa ghalani, amejifungia na pampu. Upepo kidogo tu, alijiambia, wa kuwaziba midomo. Kipimo alichopewa na mzee kilikuwa mfukoni. Hakukitoa, kwa sababu alijua kingemsuta.

Alhamisi wakafunga safari ya kwanza, kufuata mchele Magu. Mwenyekiti wao, mama Paskazia, alikaa mbele na kitenge kipya. Saa nane mchana, jua likiwaka, tairi la mbele la kulia likapasuka. Gari likayumba, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Venant alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mama Paskazia alitolewa na wakulima, paja limevunjika.

Kesho yake wanachama wote waliobaki walijazana mlangoni kwa mzee Hasham, na kila mmoja alipaza sauti kumshinda mwenzake.

"Umetuuzia matairi mabovu!" alifoka Mhoja, mweka hazina, jasho likimtiririka. "Ulitaka kutuua!"

Mzee alijaribu kusema, wakamzomea. Mtu akachukua chaki akaandika MWIZI kwenye mlango wa duka. Mzee akaleta kitambaa akafuta mbele ya macho yao. Venant alisimama nyuma kabisa. Neno moja lake lingetosha, na hakulisema.

Asubuhi iliyofuata mlango ulikuwa umeandikwa tena. Wateja wakahamia maduka mengine. Mehjabeen, mke wa mzee, akaacha kwenda sokoni. Venant akawa anapita njia ya nyuma asiuone mlango ule, na bado aliuona kila alipofumba macho. Alijiona mchafu.

Mwisho alikwenda hospitali, amwambie mama Paskazia ukweli wote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba. Kabla Venant hajafungua mdomo, mama Paskazia alishaanza kutokwa na machozi.

"Yule mzee mwacheni," alisema. "Nakuomba, mwambie Mhoja wamwache."

Venant alidhani ni huruma tu za mgonjwa. Angewezaje kumwongezea uchungu? Akaweka machungwa mezani, akaondoka na siri yake, akijichukia kuliko alivyokuja.

Mama Paskazia alipotoka hospitali na magongo yake, kikundi kiliitisha kikao ghalani. Ajenda ilikuwa moja, kumpeleka mzee Hasham mahakamani. Naye aliitwa. Alikuja peke yake, amekonda, akakaa kwenye benchi la mbele.

"Siku gari lilipovutwa kurudi mjini, nililipima lile tairi la mbele lililobaki zima," alisema. "Hamkunipa nafasi ya kuwaambia. Mimi niliwapa ishirini na sita. Nimekuta sabini."

Venant alishtuka. Hakujua kwamba mguu wake una nguvu kiasi hicho.

"Sitaki polisi. Sitaki pesa ya mtu," mzee aliendelea. "Nataka wajukuu wangu wapite mtaani bila kuitwa wajukuu wa mwizi. Aliyeongeza upepo asimame. Basi, mimi niende nyumbani."

Venant aliwaza kazi yake, akawaza watoto wake, akawaza lile paja la mama Paskazia. Kisha akaona hawezi kulala na jambo hili hata usiku mmoja zaidi. Alifumba macho, akasimama.

"Ni mimi, mzee," alisema. "Nisamehe."

Mabenchi yalikwaruza sakafu pande zote, naye akajua wanamjia. Alikaza mwili, akangoja kofi la kwanza. Halikuja.

Alipofumbua macho, wenzake wote wanane walikuwa wamesimama, hata mama Paskazia, akitetemeka juu ya magongo yake. Katika ghala zima, aliyekuwa bado amekaa ni mzee Hasham peke yake.