Kidole Kitupu

Jambo la kwanza Chausiku aliloliona asubuhi ile ni kikombe cha Fundi Mbaruku, kimeshafungwa kwenye gazeti. Mashine ya kupima gesi ikisoma sawasawa leo, fundi angerudi kwao. Isiposoma, angebaki kuitengeneza.

"Bibie, glavu! Kidole kitupu kikigusa humo ndani, mashine itasoma jasho lako."

"Najua, Fundi."

"Unajua kila kitu isipokuwa kucheka."

Fundi alipogeuka kuchukua spana, Chausiku alivua glavu. Kidole chake kikakaribia ukuta unaong'aa wa chombo cha gesi ndani ya mashine. Mguso mmoja tu ungetosha. Katika jengo lile hakuna mwingine aliyewahi kumwuliza ameamkaje.

Akaivaa tena glavu, akafunga kifuniko.

Mchana, pampu ilipokwisha kunyonya hewa yote chomboni, Mbaruku aliingiza gesi kidogo waliyoijua kiasi chake. Namba zikapanda, zikatulia pale pale zilipotakiwa.

"Sasa inaaminika," alisema, akachukua mkoba wake.

Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Chausiku alipofungua kinywa.

"Fundi, ukiondoka sina wa kuongea naye."