Gentille wa Kwenye Nyimbo

"Ule mwanamuke akikanyaga humu ndani, mi narudi Louisville peke yangu," Marita alisema, akaubamiza mlango wa gari. "Na nyumbani kwangu, mtaa ule wa Beechmont, usirudi tena."

Kataliko, mumewe, alitoa gitaa kwenye buti. Ndani ya ukumbi ule wa Columbus, huku Marekani, Wazungu walikuwa wakimngoja yeye, mtunzi mashuhuri wa muziki wa dansi ya tango kutoka Bukavu, wampe tuzo. Nyimbo zake zilikuwa zimeenea mpaka zinachezwa na watu wasiojua Bukavu iko upande gani.

Na kila moja, jamani, kila moja ilikuwa na jina la Gentille katika ubeti wa mwisho! Mke wa mtu avumilie vipi? Harusini, Gentille. Kwenye simu za majirani, Gentille. Marita alikuwa amechoka kuchekwa.

Alipombana mumewe, Kataliko alikiri upesi, hata hakujitetea. Alipiga magoti mbele ya pasta na kanisa zima: "Nilizini na Gentille, yule aliyekuwa akiimba katika bendi yangu." Tangu watoke Congo hakutunga tena hata wimbo mmoja, na Marita akaona hiyo ndiyo toba yenyewe. Akamsamehe kwa mdomo. Moyoni, wapi!

Hata hawajakaa vizuri ukumbini, Gentille akaingia. Alikuwa ametoka Buffalo kwa basi, mama mnene mwenye mvi, koti la baridi bado mwilini. Aliwapita Wazungu wote, akawajia moja kwa moja Marita na mumewe.

"Huna haya!" Marita alimrukia. "Umefuata bwana yangu mpaka huku?"

"Bwana yako?" Gentille alimkazia Kataliko macho ya chuki. "Bon, sawa. Ulimwambia nini huyu mama?"

"Kila kitu alishaniambia! Mbele ya kanisa! Mulikuwa munalala pamoja!"

Watu wakaanza kugeuka. Mzungu mmoja alikuja kuwatuliza, Marita akamsukuma pembeni. Yule bibi kutoka Buffalo akacheka, tena kwa dharau.

"Mimi? Na huyu? Mama, hata mukono hajawahi kunishika. Nimekuja kuchukua tuzo yangu. Ile nyimbo yote nilitunga mimi, na mutunzi anatia jina yake mwisho, ni kama sahihi yake. Kama ni uongo, donc, basi mwambie atunge moja hapa hapa, tusikie."

Marita akamgeukia mumewe.

Kataliko aliruka kutoka kitini, jasho likimtiririka, akaliacha gitaa sakafuni, akamshika mkewe mabega yote mawili.

"Usimsikilize, Marita! Nilizini naye! Haki ya Mungu, nilizini!"