Springi Laini za Mzee

Mteja alikuwa amekaa kiti cha nyuma, macho kayafumba, na fundi ndiye aliyeshika usukani. Walikuwa wameuzunguka mtaa wa gereji mara tatu, na wauza vipuri walishaanza kuwashangaa.

"Hapa tuta," mteja alisema bila kufumbua macho. "Hapa kifuniko cha mtaro. Na hapa lami imechimbika."

"Umepata yote," fundi alisema akicheka.

"Basi bado, fundi. Turudi tukabadilishe."

Fundi aliguna, akageuza gari. Lilikuwa sedani nyeupe ya zamani, la baba yake mteja, na fundi alikuwa akilitengeneza tangu enzi ambazo gari lilikuwa na rangi na yeye mwenyewe alikuwa na nywele. Mzee aliliendesha miaka na miaka, kila likizo aliyopewa kwenye kazi yake ya udereva wa lori, mpaka macho yakapofuka. Sasa ni mwaka wa nne anaendeshwa na mwanawe.

Kwenye gereji mteja hakukaa. Kiti alipewa, akakiacha. Alitoka nje, akarudi, akatazama simu, akachungulia chini ya gari, akatoka tena. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Hebu tulia, mwanangu," fundi alisema. "Gari halitengenezwi kwa kutembea."

Akampangia vitu juu ya meza. Springi fupi, zile vijana wanazozipenda ili gari lilale chini, mteja alizisukuma kando kabla hazijaelezwa. Bushi za plastiki ngumu, fundi mwenyewe alizikataa. Zinadumu, alisema, lakini kila kijiwe utakisikia mpaka kwenye meno.

"Chukua za mpira. Na shokapu usichukue za gesi, hizo ni za watu wanaokimbia. Chukua za mafuta. Springi nitakupa ndefu, za kawaida, zile za mwanzo kabisa. Umenielewa?"

"Na matairi?"

"Yenye mashavu manene. Tutayatoa upepo kidogo, si sana."

"Na kile kioo cha nyuma kisichofunga?"

"Kioo nacho kinamuumiza mzee mgongo?"

"Vumbi," alisema mteja.

Fundi aliingia chini ya gari na spana yake. Kwa muda zilisikika nyundo na kikohozi tu.

"Kwani mgongo wa mzee umezidi?" aliuliza kutoka huko chini.

Mteja aliinama karibu na gurudumu. "Kesho lazima afike, fundi. Wiki iliyopita alitugomea katikati ya njia. Alishika mlango, akasema tumrudishe nyumbani sasa hivi, la sivyo anashuka gari likiwa linatembea. Dada yangu alilia mpaka akaishiwa sauti."

"Maumivu si mchezo."

"Akigoma tena kesho, basi tena. Hatupati nafasi nyingine."

Simu ikaita. Alikuwa huyo dada yake, na alisema kwa sauti ambayo hata fundi aliisikia. "Mdogo wangu, umemaliza? Wamesema mwisho saa sita. Na usimwambie Baba lolote, utamtia wasiwasi bure."

"Najua, Dada. Nimeshakuambia najua."

Fundi alitoka chini ya gari, mikono myeusi tii. Alimwonea huruma. Aliwajua watoto wa siku hizi, baba akiugua wanamtumia salamu. Huyu ameacha kazi zake siku nzima kwa ajili ya bushi za mpira.

"Baba yako mtu wa vituko," alisema ili kumchangamsha. "Mara ya kwanza kuletwa hapa akiwa haoni, alishuka akaniambia, 'Fundi, macho yamekufa lakini makalio yanaona. Nimehesabu mashimo yote mpaka kwako.' Tulicheka siku hiyo!"

Mteja hakucheka. Alikwenda kukaa kiti cha nyuma, akapandisha vioo vyote, akafumba macho. "Twende," alisema.

Fundi aliendesha. Walipofika mwisho wa mtaa mteja akauliza, "Tuta bado?"

"Tuta? Tumeliacha nyuma zamani."

Mteja alifumbua macho. Fundi alitegemea kuona furaha, lakini kwenye kioo aliona mtu aliyechoka tu, jasho likimtoka.

"Hivi hivi," mteja alisema. "Usiguse kitu tena."

"Radhi za baba hizo, mwanangu," fundi alimwambia wakiagana. "Wengine wanazitafuta kaburini."

Kesho yake mzee aliambiwa ni siku ya kliniki, akanyolewa, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa kiti cha nyuma. Mwanawe aliendesha polepole, redio juu kidogo, kona zote akizikata kwa upana.

"Fundi huyo nisalimie sana," mzee alisema baada ya muda. "Nimekaa kama niko sebuleni! Hata sijui tulipo. Reli tumeshavuka?"

"Tumeshavuka, Baba. Kliniki hapo tu."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaegemea kiti, akaanza kupiga mluzi.

Reli na kliniki vilikuwa upande wa pili wa mji. Mwanawe alikata kona ya mwisho, akaingia kwenye lango lililoandikwa Makao ya Wazee, na hapo dada yake alikuwa amesimama akiwasubiri, sanduku la nguo za baba yao miguuni.