Beseni la Tisa

Yudita alizamisha mikono katika samadi mbichi ya nguruwe, akaitandaza kuzunguka miche ya stroberi kama alivyoagizwa. Masanduku manane ya miche hiyo yalikuwa yameinuliwa juu ya matofali barazani ili konokono wasiyafikie. La tisa lilikuwa beseni la jiwe, lililofika Njombe jana na kupandwa siku hiyohiyo miche iliyokwisha kuzaa.

"Nimelinunua Makambako," alisema memsahibu, "kwenye mnada wa vitu vya wale wamisionari Wajerumani waliokamatwa vita vilipoanza. Zuri, eh?"

Vidole vya Yudita vilipapasa chini ya ukingo, vikaganda. Palikuwa na ufa wenye umbo la jani.

Aliwahi kuukazia macho ufa huohuo kanisani, siku mchungaji alipombatiza mwana wa pekee wa Yudita kwa maji ya beseni hilo. Wiki mbili baadaye walimzika.

Funza walikuwa wakijipinda ndani ya beseni, na samadi ilimjaa kwenye kucha.

Memsahibu alichuma tunda moja humo humo, akamsogezea mdomoni. "Onja, Yudita. Tamu!"

Yudita alifumba mdomo. Akaanza kung'oa mche mmoja baada ya mwingine, akakomba samadi kwa viganja, mpaka jiwe likaonekana.

"Una wazimu?"

"Lete maji," Yudita alimwambia memsahibu.