Maswali ya Mgeni

"Soma mwongozo kwanza, dogo," Nahodha aliandika, kisha akacheka peke yake mbele ya kompyuta.

Nahodha ndilo jina alilojipa kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Wiki nzima alikuwa akihangaika na mbumbumbu mmoja aliyejiita Mgeni. Huyo Mgeni alikuwa ametumia Linux nyepesi, ya kubonyezabonyeza, miezi miwili tu, na sasa eti anataka kuhamia ile ngumu, ya kuandika amri moja moja. Vichekesho vitupu.

"Nimepata kazi mji mwingine, na wenyewe wanatumia mfumo huo," Mgeni alieleza. "Usipowaka kwenye kompyuta yangu kabla ya Jumatatu, nafasi anapewa mtu mwingine."

"Basi mwajiri wako ana hasara," Nahodha akajibu. Watu wa namna hii walimtia kichefuchefu. Hawajui hata diski inagawanywaje, na tayari wameota mapembe.

Lakini alijibu kila swali. Kumdharau mtu sawasawa kunataka maelezo, na Nahodha alimdharau Mgeni kurasa kwa kurasa.

Mkewe alichungulia mlangoni. "Ile flashi nyekundu unaitumia?"

"Chukua," alisema bila kugeuka.

"Nilitaka pia tuzungumze kidogo."

"Baadaye. Huoni nina kazi?"

Mlango ukafungwa taratibu.

Jumamosi mchana Mgeni alirudi jukwaani na picha ya kioo cheusi cha kompyuta. Mfumo umeingia, alisema, lakini hauwaki. Nahodha alisonya. Mjinga yule alikuwa amesahau kuweka programu ya kuuwashia! "Hata kuku angekumbuka," aliandika, kisha akamwekea amri zote, mstari kwa mstari, na tusi dogo katikati ya kila mistari miwili.

Akangoja. Nyumba ilikuwa kimya. Hata redio ya jikoni haikusikika. Akaita aletewe chai. Hakuna aliyeitika. Akasonya tena, maana siku hizi hata chai mpaka ubembeleze.

Jibu likaingia.

"Umewaka! Asante, mwalimu. Wiki hii umeongea na mimi zaidi kuliko miaka yote sita ya ndoa yetu. Basi linaondoka sasa hivi. Ufunguo wa nyumba nimeuacha juu ya friji."