Kitambaa cha Mlangoni

Kila nyumba ya mtaa wa Matanuri ilitundikiwa na mkaguzi wa afya kitambaa cheupe mlangoni, kikae mwaka mzima bila kuguswa. Kikigeuka cheusi kwa moshi wa kiwanda, waliomo hupewa dawa ya moyo na kuhamishiwa penye hewa safi. Kikibaki cheupe, nao hubaki.

Cha Mwantumu kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Mumewe alishakufa kwa moyo, na sasa binti yao Riziki, wa miaka kumi na tisa, hakuvuka ua bila kupumzika mara mbili. Mwantumu alizihesabu kwa tasbihi siku zilizobaki hadi siku ya mkaguzi.

Asubuhi ya siku hiyo akakikuta cheupe pe, kinanukia sabuni.

"Nani kafua?"

"Mimi," akajibu wifi yake Siwazuri, aliyekuja jana kwa khitma ya kakake. "Watu wanaingia kumsomea marehemu, mlangoni limening'inia dude kama tambara la deki! Huna hata haya, wifi?"

"Umemuua mwanangu, Siwazuri."

Mkaguzi akafika, akakipima kitambaa. "Hongereni. Mioyo mizima."

Mwantumu akamburutia beseni la maji ya kufulia, meusi tii. "Weusi wenyewe huu hapa!"

"Sheria inasema kitambaa, mama. Si maji." Akatundika kipya, akaenda zake.

Siwazuri akapeleka mkono kukinyoosha kisikunjamane. Mwantumu akaudaka, akaubana hadi bangili zikalia.

"Kiguse tena," akasema polepole, "utanitambua."

Akaweka kigoda kizingitini, akakaa. Mwaka ndiyo kwanza unaanza. Nyuma yake Riziki alikuwa akivuka ua na ndoo, na safari hii alipumzika mara tatu.